Mchezo wa televisheni wa 1983: ni nani aliyeutunza hata ukafika leo?

Mnamo tarehe 5 Juni, 2025 kampuni ya Nintendo ya Ujapani ilitoa madukani mtambo wake mpya wa kuchezea michezo ya televisheni, uitwao Switch 2, na baada ya siku nne tu ikatangaza kwamba imekwisha kuuza zaidi ya mitambo 3,500,000 duniani. Hiyo si habari ya kumwinua mtu barazani. Iliyonishangaza mimi ni hii: mwenye mtambo huo mpya akilipa ada ya mwaka hufunguliwa hazina ya michezo ya kale, na ndani yake imo michezo ya miaka ya 1983 na 1985, yenye picha za vidoadoa na sauti kama kengele ya baiskeli. Na watu wanalipa. Mtu hununua chombo cha leo kwa fedha nyingi, kisha akatoa nyingine ili arejee kwenye mchezo wa chombo ambacho, lau angekikuta kimetupwa kando ya njia, asingeinama kukiokota.

Wengi hujibu upesi kwamba watu wazima wanakumbuka utoto wao. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi. Tarehe 21 Desemba, 2023, katika jimbo la Oklahoma huko Marekani, kijana wa miaka 13 alikuwa akicheza Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka, uliobuniwa Moscow na Bw. Alexey Pajitnov mwaka 1984 na kutolewa kwa mtambo wa kale wa Nintendo mwaka 1989. Kwa zaidi ya miaka thelathini mchezaji wa mchezo huo alikuwa na mwisho mmoja tu, nao ni kushindwa. Yule kijana akacheza hata mashine yenyewe ikakwama, isiweze kuendelea. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuifikisha hapo. Sasa mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baada ya mchezo kutoka, tuseme yeye anakumbuka utoto upi?

Tuutazame basi mtambo wenyewe. Nintendo ni kampuni ya mji wa Kyoto, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Tarehe 15 Julai, 1983, chini ya rais wake marehemu Bw. Hiroshi Yamauchi, ilitoa mtambo ulioitwa Family Computer, jina ambalo Wajapani walilifupisha wakasema Famicom. Mhandisi mkuu aliyeuunda ni Bw. Masayuki Uemura, aliyefariki Desemba 2021. Rangi zake zilikuwa nyekundu na nyeupe, pedi zake mbili zilifungwa kwa waya usiochomoka, na ile ya pili ilikuwa na maikrofoni. Bei yake ilikuwa yen 14,800, na siku ya kwanza palikuwa na michezo mitatu tu ya kuuchezea.

Ubongo wa mtambo huo haukuwa jambo jipya. Ulitokana na kifaa cha Kimarekani kiitwacho 6502, kilichotoka mwaka 1975. Katika kampuni hiyo hiyo alikuwako marehemu Bw. Gunpei Yokoi, aliyeshika msimamo kwamba fundi achukue ufundi uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha autumie kwa njia ambayo wengine hawakuiwaza. Ndiye aliyebuni kile kitufe cha umbo la msalaba kinachokaa chini ya dole gumba la kushoto, na pedi nyingi za leo bado zina kitufe cha namna hiyo.

Wakati huo huo huko Marekani biashara ya michezo hii ilikuwa imeanguka vibaya. Kampuni ya Atari, iliyotamba tangu mwaka 1977 na mtambo wake, ilifikia kuzika kaseti zake jangwani Alamogordo, New Mexico, mnamo Septemba 1983. (Nasema kaseti kwa sababu ndivyo watoto wetu walivyokiita kile kibweta cha plastiki kinachochomekwa juu ya mtambo, ijapokuwa ndani yake hamna utepe wowote.) Wenye maduka hawakutaka kusikia habari ya michezo ya televisheni. Nintendo ilipobisha hodi New York mwezi Oktoba 1985 ilibidi iutie katika mauzo mwanasesere wa roboti, ili mtambo uonekane kuwa ni kitu cha watoto kuchezea na si ule ugonjwa wa juzi. Hila hiyo ilifaa. Hadi kufikia mwisho wake kampuni ilikuwa imeuza mitambo karibu milioni 62 duniani. Iliendelea kuuunda Ujapani hadi 2003, na iliendelea kupokea iliyoharibika na kuirekebisha hadi 2007.

Sasa nakuja penye jambo ninalolifahamu zaidi kuliko umeme. Mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa Septemba 1985 na kuongozwa na Bw. Shigeru Miyamoto akishirikiana na Bw. Takashi Tezuka, umeenea wote katika kilobaiti 40, pamoja na nchi zake, maadui zake, ngome zake na muziki wake. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa simu huwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Wangefanyaje basi? Tazama wingu lililo juu angani, kisha utazame kichaka kilicho chini ardhini. Ni mchoro mmoja. Wingu limetiwa nyeupe, kichaka kimetiwa kijani, na mamilioni ya watu wamepita mbele yake kwa miaka mingi wasitambue. Mario mwenyewe, alipochorwa mara ya kwanza kwa mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, alipewa masharubu kwa kuwa nukta hazikutosha kumchora mdomo, na kofia kwa kuwa nywele zilikuwa taabu.

Kuna sharti jingine lililonifurahisha zaidi. Katika kila mstari wa kioo cha televisheni, vile vipande vya picha vinavyotembea haviwezi kuzidi vinane. Cha tisa hakichorwi. Kwa hivyo watengenezaji huvipokeza zamu, hiki kionekane sasa na kile baadaye, na hiyo ndiyo sababu ya picha kumetameta adui wanapozidi. Fundi mmoja wa televisheni aliponieleza hayo nilicheka, maana mimi nimekulia katika mizani minane. Kipande cha shairi letu la kawaida kina mizani minane, mshororo mzima una kumi na sita, na mizani ya tisa haina pa kukaa katika kipande. Mtunzi huweza kukesha akitafuta neno la silabi tatu lifanye kazi ya neno la silabi tano, na akilipata, mara nyingi huwa ni bora kuliko lile alilokuwa amelipenda. Sidhani kwamba watu wa Kyoto walikuwa wakifanya kazi iliyo mbali na hiyo. Bw. Koji Kondo alipotia muziki katika Super Mario Bros. alikuwa na sauti mbili kama za filimbi, moja ya besi na moja ya kelele iliyosimama mahali pa ngoma. Kwa sauti hizo akatunga wimbo unaopigwa miluzi na watu ambao hawajagusa pedi maishani.

Lakini nisieleweke vibaya. Kufinyika peke yake hakumfanyi mtu kuwa malenga. Mtambo ule ule ulijaa michezo mibovu isiyo na kichwa wala miguu, kama vile kurasa za mashairi magazetini zilivyowahi kujaa tungo zilizotimiza mizani na vina na zisiseme lolote. Iliyodumu ni michache. Ubora wake ni kwamba mtu hujifunza kuucheza kwa dakika moja pasi na kuelezwa, na kuumudu kwamtaka miezi, na ukimshinda hujua kosa ni lake. Hilo halina uhusiano na umri wa mchezaji.

Basi mchezo huu ulitufikiaje sisi? Mtambo wenye jina halisi la Nintendo ulikuwa nadra kuonekana katika nyumba za watu wa kawaida hapa kwetu. Tulioujua ni mwigo wake, ulioundwa Taiwan na Uchina, ambao mambo yote ya Bw. Uemura yalikuwa yameshindiliwa katika kijipande kimoja kilichofunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Na si sisi peke yetu. Warusi waliujua mtambo huo kwa jina la Dendy tangu mwaka 1992. Wachina waliuziwa Subor, uliotiwa vitufe vya kuchapia na kutangazwa na mwigizaji Jackie Chan kuwa ni chombo cha kujifunzia, na bila shaka wazazi waliamini kwa kuwa walitaka kuamini. Ukiwahesabu wote hao, huenda waliocheza Mario kwa chombo cha mwigo wasiwe wachache hata kidogo.

Mimi nilinunua mmoja Mombasa mwaka 1996 kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ulikuja na pedi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti iliyoandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9,999. Siku ya tatu yule mtoto akanijia. "Mjomba, ni ile ile. Wameibadilisha majina tu." Kumbe ilikuwa ni michezo michache iliyorudiwarudiwa, hapa askari akianzia katikati ya safari, pale akiongezewa maisha. Nikamwambia avumilie, kwani hata watu wazima hutendewa hivyo kila uchaguzi. Kaseti ikigoma tuliitoa, tukaipuliza, tukairudisha. La ajabu ni kwamba watoto wa Tokyo, wa Chicago na wa Kibokoni wote walikuwa wakipuliza namna moja bila kufundishana. Nintendo yenyewe ilionya kwamba pumzi ina unyevu na hula shaba ya kaseti, na kwamba kilichosaidia ni ile kuitoa na kuirudisha tu. Marehemu mama, aliyekuwa ameketi akitutazama, alisema kama ni kupuliza afadhali tusome na kitu kwanza.

Sasa tusifichane. Mitambo ile ilikuwa ya wizi. Fedha nilizolipa dukani hazikufika Kyoto hata senti moja, na michezo iliyokuwa ndani ya ile kaseti ya 9,999 ilitungwa na watu waliostahili kulipwa. Nalisema hilo kwa uchungu kwa sababu mimi nami nimeibiwa. Katika miaka ya tisini shairi langu la beti tisa liliimbwa katika kanda ya taarabu bila jina langu na bila ujira. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa ndani ya matatu, abiria wenzangu wakitikisa vichwa, na mimi nimenyamaza kama mgeni katika harusi ya mwanangu. Nilifuatilia nikachoka. Kisha zikaja zile mvua kubwa za 1997, paa likavuja juu ya sanduku langu, na daftari nililokuwa nikiandikia tangu ujana likawa uji. Lile shairi nilikumbuka beti tano tu. Nne nyingine nilizipata kwa kununua ile kanda, tena si kanda yenyewe bali nakala ya nakala, kutoka kwa kijana aliyetandaza bidhaa zake chini. Nilimlipa. Sikumwambia mimi ni nani.

Tangu hapo siwezi tena kulizungumza jambo hili kwa upande mmoja, na ndiyo sababu yanayotendeka siku hizi kuhusu michezo hii ya zamani yamenishughulisha. Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa nchini humo, yaani ile ya kabla ya mwaka 2010, haiuzwi tena popote. Mario hana wasiwasi, atauzwa mpaka vitukuu vyetu vizeeke. Lakini michezo mingi ni mali ya kampuni zilizokufa, au zilizo hai na zimesahau kwamba ziliwahi kuitengeneza. Mwezi Machi mwaka huo huo Nintendo ilifunga maduka ya mtandao ya mitambo yake miwili ya awali, na mnunuzi mpya hakuweza tena kununua humo. Mwaka 2018 iliwashtaki mume na mke wa Arizona waliokuwa wakigawa nakala za michezo ya kale kwa mtandao, na hukumu ikawa zaidi ya dola milioni 12.

Tena kuna kisa cha maktaba ya taifa ya Marekani, Library of Congress. Mwezi Aprili 2023 maktaba hiyo iliutia ule wimbo wa Bw. Kondo katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa faida ya taifa, na ukawa wimbo wa kwanza wa mchezo wa televisheni kupata heshima hiyo. Ni heshima kubwa kwa muziki wa filimbi mbili na kelele. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Oktoba 2024, likaamuliwa ombi la wenye maktaba na watetezi wa hifadhi kwamba mtafiti aliye mbali aruhusiwe kuutazama kwa mtandao mchezo usiouzwa tena, badala ya kusafiri hadi mahali unapowekwa. Chama cha wenye kampuni za michezo kilipinga. Ofisi ya haki za kunakili, iliyo chini ya maktaba ile ile, ikashauri ombi likataliwe, na likakataliwa. Hofu iliyotajwa ni kwamba watu wangeweza kuitumia nafasi hiyo kuchezea. Nilisoma hayo mara mbili. Ni sawa na kumnyima mtu kitabu cha mashairi kwa hofu kwamba atakisoma kwa raha.

Sisi wa pwani tungekuwa wa mwisho kulishangilia jambo hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa mwaka 1840 hivi, na hakuacha diwani iliyochapishwa. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdalla akamsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya, na kitabu kikatoka mwaka 1940, miaka mia baada ya mtunzi kuzikwa. Tenzi zetu za kale nazo zilifika kwa mkono wa mnakili, aliyeketi na wino na kunakili kwa hati za Kiarabu kitu ambacho si chake, mara nyingine akikosea neno, mara nyingine akiongeza lake. Chuoni tulinakili kwenye mbao, tukazifuta, tukanakili tena. Hakuna aliyetuuliza kibali cha mwenyewe.

Najua jibu la wenye kampuni. Watasema wao ndio waliogharimika, wao ndio waliomtunza Mario, na kwamba mwaka 2016 walitoa mtambo mdogo wa ukumbusho wenye michezo 30 na watu wakaugombea hata ukamalizika madukani. Yote ni kweli. Anayeuza bado alindwe, na anayemwibia ashtakiwe, ningependa hata yule aliyeniimba angeshtakiwa. Lakini aliyeacha kuuza na hataki kuhifadhi, huyo anamzuia nani na kwa faida gani? Kitu ambacho mwenyewe amekitupa, maktaba iruhusiwe kukiokota na kukionyesha. Atari walipozika kaseti zao hawakudhani zingetakiwa tena. Mwaka 2014 zikafukuliwa, na moja yao sasa imo katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington, imewekwa kwa adabu kama kigae cha Gedi.

Tena kuhifadhi si kunakili tu. Yule mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye binti wa miaka saba, na mwezi uliopita aliuteremsha ule mtambo wa 1996 kutoka juu ya kabati. Ukawaka. Mario akakimbia, askari wakapigana. Mtoto akaishika ile bunduki ili apige bata wanaoruka, akapiga, akapiga, hakuna bata aliyeanguka. Kwanza tulidhani bunduki imekufa. Yule fundi wa televisheni akatueleza kwamba ukivuta kile kichochezi, kioo huzimika kwa kufumba na kufumbua, na mahali alipo bata hutokea mraba mweupe, na bunduki ina jicho la kuuona mwanga huo. Televisheni hizi bapa za leo hukawia kuonyesha picha, kitambo kidogo tu, lakini jicho la bunduki limehesabiwa kwa televisheni za zamani zenye mgongo. Kwa hivyo mtambo uko, kaseti iko, bunduki nzima, na bata hawapigiki.

Mpwa wangu amezunguka mjini wiki mbili akitafuta televisheni ya namna hiyo. Nyingi zilitupwa. Fundi anayo moja nyuma ya duka, chini ya mapangaboi, aliyoiweka kwa ajili ya vipuri. Amemwambia arudi Jumamosi na aje na bunduki, waijaribu kwanza kabla ya kusemezana bei.